Sura ya Wezi

Mihuri alikuwa amefeli mtihani wa leseni mara mbili, na mara zote mbili alijua amefeli kabla hajainuka kitini. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mamlaka ya soko la hisa ilikuwa imetoa amri kwamba kuanzia mwaka mpya, kila anayepokea agizo la mteja, liwe la kununua au la kuuza, awe na leseni ya ngazi ya kwanza. Asiyekuwa nayo asikae kaunta. Na katika ofisi ile ya madalali wa hisa kaunta ilikuwa moja tu, na aliyekuwa ameikalia alikuwa yeye.

Jina la Mihuri alipewa kazini, hata mke wake akaishia kulizoea. Alikuwa na mhuri wa duara wa kampuni, mhuri wa tarehe, na ule mrefu wa kuonyesha karatasi imepokelewa, yote ameipanga kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga. Alikuwa anagonga mara moja tu, kwa kiwiko, na herufi zinatoka zote bila kuchafuka. Wengine wakijaribu wanatoa nusu mwezi. Aliingia pale akiwa kijana, tarishi wa baiskeli, enzi ambazo bei za hisa ziliandikwa kwa chaki na mtu aliyesimama juu ya stuli. Shule aliiacha mapema na hakuwahi kujifanya vinginevyo. Siku moja aliyekuwa anakaa kaunta aliugua, tarishi akaambiwa ashikilie kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichomtoa mvi.

Bosi alimwita ofisini kwake kumpa habari za ile amri.

"Mzee, mimi nakupenda, unajua hilo."

"Najua, bosi."

"Lakini hawa jamaa wa mamlaka hawana utani safari hii. Pasi huo mtihani, ukae kwenye kiti chako tuzeeke wote."

"Na nikifeli tena?"

Bosi alianza kutafuta kitu mezani, akahamisha kalamu hapa, akairudisha pale. "Usifeli bwana," akasema.

Mihuri akaelewa. Kazi nyingine ya kumpa hapakuwa nayo. Utarishi ulikufa siku kompyuta zilipoingia, na chai ilikuwa inachemshwa na birika la umeme.

Basi akasoma. Alisoma alfajiri kabla ya kuoga, kwenye meza ambayo kwa haki ilikuwa ya mke wake. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na sebule yote ilikuwa yake, kuanzia vitambaa mpaka nyuzi zilizoshika kwenye zulia. Kitabu cha mtihani kilikaa katikati ya mkasi na chaki ya kupimia, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa na alama za pasi, kwa sababu siku moja mke wake alikitumia kuegemeza kola. Binti yao, aliyekuwa muuza dawa kwenye duka la mtaa wa pili, alimwuliza maswali huku anasuka nywele zake kabla ya kwenda kazini.

"Bei ya hatifungani ikipanda sokoni, faida ya anayeinunua inafanyaje?"

"Inapanda."

"Inashuka, baba."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Basi kitabu kimekosea. Kitu kikipanda kinapanda chote."

"Baba, hili swali unalikosa tangu ulipoanza kusomea mtihani wa kwanza. Unagombana nalo kama shemeji yako."

Mke wake alisimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Hiyo hatifungani ni kitu gani?"

"Unaikopesha serikali hela," binti akaeleza, "halafu kila mwaka inakulipa riba ile ile, haibadiliki. Na hiyo karatasi unaweza kumuuzia mtu mwingine."

"Sasa si kama chumba cha kupangisha? Mpangaji analipa kodi ile ile. Ukikinunua kile chumba kwa bei poa, umekula. Ukikinunua kwa bei ya kuruka, kodi si ile ile? Umekula nini?" Akakanyaga tena, cherehani ikalia. "Na mtoe miguu yenu kwenye kitambaa cha watu."

Mihuri alikitazama kitabu muda mrefu. Miaka yote ile alikuwa anazigonga mihuri hizo karatasi za hatifungani, na leo ndiyo anazielewa, tena kwa kufokewa.

Tangu siku hiyo hesabu zikaanza kumwingia. Hazikuingia kwa furaha. Ziliingia kama mgeni asiyetaka kuvua viatu, lakini ziliingia. Gawio, thamani ya awali, riba ya mwaka, kamisheni ya dalali, vyote akavitafutia chumba chake na mpangaji wake. Hata hivyo, hakuamini. Kila akifunga kitabu alihisi kimebaki kitu ambacho hakukiona, kama mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama amezima jiko.

Kazini alisomea chumba cha majalada saa ya chakula. Wenzake wawili walimsaidia. Mmoja alikuwa dada wa mapokezi, ambaye kwa ajili ya sauti yake ya simu walimwita Kengele. Mwingine alikuwa kijana mwenye shahada, aliyepasi mtihani ule ule mara ya kwanza bila kutoka jasho. Huyo aliitwa Digrii, na hakuonekana kuchukia.

"Sura ya mwisho hii, ya maadili," Mihuri akasema siku moja, akiupima unene wake kwa vidole. "Hii ndefu. Tuianze lini?"

Digrii alikuwa anamenya yai. "Mzee, wewe unaiba?"

"Siibi."

"Uliwahi kumdhulumu mteja?"

"Mimi? Muulize Kengele."

"Huyu?" Kengele akacheka. "Huyu akiokota kalamu anazunguka ofisi nzima kuuliza ni ya nani. Mpaka watu wanamkimbia."

"Basi maadili umeshapasi," Digrii akasema. "Hizo ni maksi za bure. Wewe kaza kwenye hesabu, huko ndiko wanakokuchinja."

Mihuri akaona ni kweli. Barua zote mbili za kufeli zilisema tu kwamba hakufaulu, hazikusema wapi, na yeye hakuwa na shaka kwamba ni hesabu. Sura ya maadili aliitazama juu juu. Iliongelea wizi, udanganyifu, kughushi, siri za kampuni. Mambo ya wezi. Akakunja ukurasa akarudi kwenye kamisheni.

Hapo hapo simu ikalia. Kengele aliipokea, kisha akaifunika kwa kiganja. "Mkunga wako huyu."

Alikuwa mkunga mstaafu, mama mtu mzima aliyekuwa amezalisha nusu ya watu wa upande ule wa mji, na magoti yake sasa yalikuwa yamekataa ngazi. Hisa zake za kiwanda cha saruji alizinunua kwa mkono wa Mihuri tangu Mihuri ana nywele nyeusi.

"Mwanangu, niuzie kidogo. Fundi wa paa anataka chake."

"Nyingi kama za mwaka jana, mama?"

"Hizo hizo. Magoti yanakusalimia."

"Yaambie yatulie. Nakuja Jumamosi na karatasi."

Akajaza fomu ya kuuza palepale. Kwenye nafasi ya saini ya mteja akaandika saini ya mkunga, yenye ndoano mwanzoni na mkia mrefu unaoteremka, kisha akagonga mhuri. Ndivyo walivyofanya siku zote kwa wateja wa zamani wasioweza kufika. Bosi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, wakati bado bosi ni karani. Kumsaidia mama wa watu, ndivyo walivyoita. Jumamosi angempelekea nakala, angekunywa chai yake, angesikia habari za wajukuu. Bosi alipita, akaona, akampiga bega.

"Mnaona?" akawaambia wengine. "Huyu ndiye anayejua wateja. Nyie mnajua kompyuta tu."

Siku ya mtihani mke wake alimshonea kifungo cha shati na hakumwambia neno lolote la kumtia moyo, kwa sababu mara mbili zilizopita alimwambia. Binti alimpa pipi ya koo. "Ya nini?" Mihuri akauliza. "Sijui baba, dukani ndicho kilichokuwepo."

Chumba cha mtihani kilikuwa na baridi ya mashine, kompyuta zimepangwa kama vibanda vya kupigia kura. Walimvua saa, wakamwambia ageuze mifuko. Msimamizi, msichana wa rika la binti yake, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, kwa heshima, kama anayemvusha barabara. Kulia kwake aliketi kijana aliyekuwa anatikisa goti bila kupumzika.

Zikaja hesabu. Mihuri akakaza meno akasubiri kuchinjwa.

Hakuchinjwa. Swali la kwanza lilikuwa la gawio, akalipata. La pili hatifungani, akamwona mpangaji wake na kodi yake, akabonyeza. Akaenda hivyo, taratibu, mashine ya hesabu ikimtii. Mengine alikosa na alijua amekosa, lakini mengi alijua amepata, na kujua huko kulikuwa kitu kigeni mwilini mwake. Alifika mahali akajikuta ameketi vizuri, mgongo umenyooka. Akafikiria kile kiti cha kaunta na ule mto wake uliotoboka. Kwa mara ya kwanza tangu amri itoke, alijiruhusu kukifikiria kama kiti chake.

Kisha yakaja maadili, na hapo ndipo alipopumua kabisa. Hapa alikuwa nyumbani kwake. Maswali yalisomeka kama habari za watu anaowafahamu.

Mteja wako ni mgonjwa, yuko kitandani. Mwanawe, ambaye unamjua vizuri, anapiga simu akitaka umuuzie baba yake hisa ili walipie matibabu. Utafanyaje? Akachagua: utauza, na utamjulisha mteja atakapopata nafuu. Kulikuwa na jibu lingine lililosema ukatae mpaka iletwe idhini ya maandishi. Mtu yuko kitandani anakufa, unamdai maandishi? Akasonya kimoyomoyo.

Umesikia ofisini, kabla haijatangazwa, kwamba kampuni fulani imepata hasara kubwa. Mteja wako wa muda mrefu, mjane, ameweka akiba yake yote humo. Akachagua: utamwonya kwa siri auze mapema. Hili hata hakulisoma mara mbili. Majibu mengine yalikuwa mitego ya kuwanasa wasio na roho.

Mteja mtu mzima anakuletea zawadi ya shukrani. Akapokea.

Alimaliza sehemu ile kabla ya wote. Kijana wa goti alikuwa bado anakuna kichwa, na Mihuri akamhurumia. Wazazi wa siku hizi, akawaza, hawalei.

Safari hii hakukuwa na barua; matokeo yalitokea palepale kwenye kioo, sehemu kwa sehemu. Hesabu: amefaulu. Bidhaa za soko: amefaulu. Maadili: hakufaulu. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote: hakufaulu.

Alisoma kama mtu anayesoma kibao cha mtaa asioujua. Akanyoosha mkono juu.

"Binti, hii mashine imekosea."

Msimamizi akainama, akasoma, na uso wake ukabadilika kidogo. "Haijakosea, mzee. Kila sehemu lazima ufike alama yake. Ukianguka moja, umeanguka zote."

"Lakini hii ni maadili. Mimi sijawahi kuiba."

"Najua, mzee." Hakujua, angejuaje, lakini alisema hivyo. "Pole sana. Na kwa kuwa hii ni mara ya tatu, utaruhusiwa tena baada ya miaka miwili."

Kijana wa goti alikuwa ametokewa na matokeo yake pia. Alikuwa anafuta macho kwa shati, anacheka. Amefaulu zote.

Nyumbani alingoja mpaka binti aliporudi kutoka dukani. Mke wake alijua tangu alipomsikia anavua viatu. Alisogeza vitambaa, akampa nafasi mezani, akaendelea kufumua mshono.

"Hesabu nimepasi," Mihuri akasema.

"Sasa?" binti akauliza.

"Maadili."

Mama mtu akaguna, pua ikambana, na kicheko kikamtoka bila ridhaa yake. Binti akafuatia. Hata Mihuri aliguna. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, kila mmoja akabaki anatazama mahali pake.

Binti akachukua kitabu, akakifungua mwisho. Kurasa zile zilikuwa bado zimenyooka, hazina alama ya pasi wala doa la chai. "Baba, hii sura hukuisoma?"

"Nilidhani ni ya wezi."

Akaanza kumsomea. Usipokee agizo la mtu asiye mwenye hisa bila idhini ya maandishi. Usimpe mteja habari ambayo haijatangazwa, hata kama ni kwa faida yake. Usimwekee mteja saini, hata akikuomba, hata kwa kumsaidia.

"Rudia hiyo."

Akarudia. Hakuna aliyecheka safari hii. Mihuri alitazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala mezani karibu na mkasi. Saini ya mkunga alikuwa ameiandika mara nyingi, na ya yule mzee wa duka la vyuma, na ya wale mapacha walioko ng'ambo. Kitabu kilikuwa na jina la jambo hilo, na halikuwa kusaidia.

"Funga," mke wake akamwambia binti. "Imetosha. Mwache ale."

Asubuhi alimpelekea bosi karatasi ya matokeo. Bosi akaisoma amesimama, kisha akakaa chini kwa kishindo.

"Maadili? Wewe? Mtu mwaminifu kuliko sisi wote humu ndani?" Akacheka mpaka akatoa leso. Alipoikunja leso, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Basi, mzee. Umalizie mwezi. Tutakufanyia kasherehe kidogo, soda na keki."

"Bosi, ile ya kuwasainia wateja..."

"Ile nini?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu." Bosi akarudisha karatasi juu ya meza, upande wa Mihuri. "Nenda kaunta mzee, kuna watu."

Kwenye kaunta hakukuwa na watu. Alikuwepo Digrii, ameketi kwenye stuli ya pembeni, ametumwa ajifunze kazi. Aliposikia hatua akainuka upesi, kama aliyekutwa kitandani mwa mtu.

"Ulisema ni maksi za bure," Mihuri akamwambia.

"Ni za bure, mzee." Digrii alikuwa na haya kweli, masikio yalimwiva. "Unachagua jibu la mtu asiye na roho, unaendelea na swali lingine. Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Na ukirudi ofisini?"

"Ofisini unamsikiliza bosi."

Mihuri akakaa kwenye mto wake. Alikuwa hajaufungua hata mhuri wa tarehe Kengele alipomletea simu, na safari hii hakutania.

"Mwanangu," mkunga akasema. "Fundi wa paa kanirudia, anasema mbao zimeoza. Niuzie zingine kidogo."

Alikuwa ameshavuta fomu. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Akaiinua.

"Mama, inabidi uje usaini mwenyewe."

"Nije wapi?"

"Hapa ofisini. Au umtume mtu na idhini ya maandishi."

Upande wa pili redio ilisikika kwa mbali. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea, mama. Ni sheria."

"Sheria imeanza leo? Mimi ngazi zenu nazipandaje? Mvua inanyesha kitandani kwangu." Sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali angeivumilia. "Hata wewe umekuwa kama watu wa benki?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaja, akaitwaa simu mkononi mwa Mihuri, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mama yangu! Shikamoo mama. Hapana, hapana, msamehe, leo hajaamka vizuri. Tunakufanyia sasa hivi. Na karatasi utaletewa Jumamosi kama kawaida." Akakata simu. Hakumtazama Mihuri. "Digrii, mjazie mama fomu."

Digrii akavuta stuli akasogea. Alijaza upesi, kwa mwandiko mzuri wa shule, jina la kiwanda, idadi, tarehe. Alipofika mahali pa saini, kalamu ikasita. Leseni yake ilikuwa ukutani nyuma yao, mpya, ndani ya fremu yenye kioo. Bosi alisharudi ofisini.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye huwa anaisaini vipi?"

Kengele alikuwa amegeuza uso kwenye ubao wake wa simu, anapangusa pasipo na vumbi. Nje ya kioo mtu alikuwa anaegemeza baiskeli. Mihuri akafikiria paa linalovuja, na kitanda. Fomu ingetiwa saini, kwa mkono huu au kwa ule, na Digrii akiivuruga, benki inayolinganisha saini za wateja ingeirudisha, na mama angesubiri tena.

Akavuta kipande cha karatasi, akaandika.

"Unaanza na ndoano, hivi. Halafu unateremsha. Mkia usiukate, yeye huuvuta mpaka chini."

Digrii akaiga, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Akaiandika kwenye fomu. Akanyoosha mkono kwenye kopo la maziwa, akachagua mhuri wa duara, akaushika kama nyundo.

"Sivyo," Mihuri akasema, akamshika kiwiko. "Usikandamize. Wino unaruka."